PhD au DrPH? Ulinganisho kwa mtumishi wa afya wa Lindi na Mtwara anayetaka kuongoza

Mwaka jana tulikuwa Lindi mjini kwenye kikao cha kupitia mipango kabambe ya afya ya halmashauri. Wakati wa chai dada mmoja wa timu ya uendeshaji ya wilaya jirani alinivuta pembeni. Ana MPH, yaani shahada ya uzamili ya afya ya umma, ana miaka kumi na moja kazini, na madiwani wakimwona amesimama hunyamaza wamsikilize.

"Shikamoo kaka. Vyuo viwili vimenijibu. Kimoja kimenipokea PhD, kingine DrPH, yaani Udaktari wa Afya ya Umma. Zote ni shahada za ngazi ya udaktari, za juu kabisa. Nichukue ipi?"

Nikamwuliza: "Kazi utakayoandika mwishoni, unataka nani aisome?"

Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kitendawili. Tukaitwa ndani kabla sijamfafanulia. Nafafanua hapa, kwa ajili yake na kwa wenzetu wengine wa Kusini wanaonipigia simu na swali hilohilo.

Kwanza mjue nasemea wapi. Mimi nilisoma PhD. Nilichunguza kwa nini wanaume wa vijiji kadhaa vya pwani walikuwa wakizipokea dawa za matende na mabusha mkononi halafu hawazimezi. Tasnifu ilipita na makala zikachapishwa. Nilipoirudisha kazi ile kwenye halmashauri iliyonipokea, nilipewa shukrani za dhati, nakala ikaingia kabatini, na mwaka uliofuata dawa ziligawiwa vilevile kama zamani. Sikuwa na wa kumlaumu. Miaka yote ile nilifundishwa kuuliza swali vizuri na kulijibu kwa uhakika. Namna ya kulichukua jibu na kuliingiza kwenye bajeti, kwenye ratiba ya wagawa dawa, kwenye kichwa cha mtendaji wa kata, hayo hayakuwa sehemu ya masomo yangu. Ndipo nikaanza kuifuatilia DrPH kwa karibu.

Ugomvi wa tangu 1915

PhD, yaani shahada ya uzamivu, inajulikana. DrPH nayo si shahada ya juzi. Ilianza kutolewa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kinachonivutia ni kwamba mabishano tuliyo nayo leo yalikuwapo siku shule za afya ya umma zilipokuwa zinabuniwa.

Mwaka 1915 watu wawili walitakiwa kuandika mapendekezo ya namna ya kuwafundisha wataalamu wa afya ya umma. Mmoja ni Wickliffe Rose, aliyekuwa ameongoza kampeni ya Rockefeller dhidi ya safura katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Alikuwa ameona vijiji maskini, watoto wenye upungufu wa damu, watu wasio na vyoo. Alitaka shule zizae maofisa wa kazi, wengi, watakaosambaa hadi huko chini. Mwenzake, William Welch, alikuwa daktari wa maabara, akitaka chuo cha sayansi chenye utafiti wa hali ya juu. Andiko la mwisho liliegemea zaidi upande wa Welch, na mwaka uliofuata ikaanzishwa shule ya Johns Hopkins.

Nikilinganisha PhD na DrPH huwa nawaona wazee hao wawili: PhD inamfuata Welch, DrPH ni madai ya Rose yaliyopewa joho. Kila anayeijua safura ya pwani yetu ataelewa kwa nini moyo wangu huelekea kwa Rose, ingawa cheti changu kimetoka upande wa pili.

Malaria moja, kazi mbili

Maelezo ya jumla hayamsaidii mtu kuchagua. Tuchukue kitu tunachokijua wote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha maambukizi ya malaria kwa watoto yameshuka nchini hadi asilimia 8.1. Mtwara ilikuwa takribani asilimia 20, ya pili kutoka juu baada ya Tabora. Hapo penye namba hiyo, mwanafunzi wa PhD atafanya nini, na wa DrPH atafanya nini?

Wa PhD atatafuta jambo ambalo bado hakuna anayelijua. Mfano mzuri tunao hapahapa. Miaka ya 2000, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walifanya utafiti Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Tandahimba na Newala: mtoto mchanga akiletwa chanjo apewe na dozi ya SP, dawa ya malaria, kumkinga na ugonjwa huo, hata kama haumwi. Tarafa 24 zilihusika, 12 zikapata huduma hiyo kwa kura, nyingine zikawa za kulinganishia. Hiyo ndiyo akili ya PhD. Panga kura, pima, linganisha, andika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo kwa nchi zenye mazingira yanayofaa, likitegemea ushahidi wa tafiti kadhaa za Afrika. Mtoto wa Newala alichangia maarifa ya dunia, na hilo si jambo dogo.

Wa DrPH ataanzia kwingine. Atasema: vyandarua vyenye dawa tunajua vinafanya kazi, dawa mseto tunajua inafanya kazi, kipimo cha haraka kipo. Sasa kwa nini zahanati ile imekaa wiki tatu bila vipimo wakati ya jirani ina maboksi yanayokaribia kuisha muda? Nani anajaza maombi ya Bohari ya Dawa, anayajaza lini, kwa takwimu zipi za MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya? Kwa nini fedha ya kituo ipo kwenye akaunti na mganga mfawidhi anaogopa kuitumia?

Mfano mkubwa wa fikra hiyo nao ni wa Tanzania, ingawa si wa mikoa yetu. Ni mradi wa TEHIP uliofanyika Rufiji na Morogoro kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Timu za wilaya zilipewa zana za kuona ni magonjwa gani yanayoua watu wao na fedha yao inakwenda wapi. Morogoro wakakuta malaria inachukua kama asilimia 30 ya miaka ya maisha inayopotea, ilhali bajeti yake ya 1996 ilikuwa asilimia 5. Hapakuwa na dawa mpya wala chanjo mpya. Walihamisha fedha, wakaongezewa kiasi kidogo sana kwa kila mkazi, wakaimarisha usimamizi. Vifo vya watoto katika wilaya zile vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache.

Soma tena aya hiyo ukiwa na mpango kabambe wa halmashauri yako mezani. Ikiwa damu inakusisimka, huenda wewe ni mtu wa DrPH. Ikiwa kichwani umeshaanza kubisha, "Tunajuaje ni huo mradi uliopunguza vifo, na si mvua nzuri au jambo lingine?", basi una jicho la PhD. Maswali yote mawili ni ya haki.

Nani atasoma

Ndipo ninaporudi kwenye kitendawili changu. Vyuo hutofautiana kwa majina ya kozi, lakini kazi ya mwisho haidanganyi.

Tasnifu ya PhD inaandikwa isomwe na watahini na watafiti wengine. Lazima iwe na mchango mpya wa maarifa. Utakuwa na msimamizi mmoja au wawili, andiko, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ukusanyaji wa takwimu, uchambuzi, utetezi. Sifa yake kubwa ni kina. Utajua jambo moja kuliko mtu yeyote wa mkoa wako, na ukiliandika vizuri litaishi. Homa ya chikungunya ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huko Newala. Watafiti Robinson na Lumsden walichapisha maelezo yao mwaka 1955 katika jarida la tiba ya kitropiki la Uingereza. Leo mtu wa Brazili akipata homa hiyo anaiita kwa neno la Kimakonde, neno linalosema habari ya kujikunja kwa maumivu. Maelezo makini yanakwenda mbali namna hiyo.

Kazi ya mwisho ya DrPH inatakiwa isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha kitu. Marekani, CEPH, ambalo ni baraza linaloidhinisha shule za afya ya umma, tangu mwongozo wake wa 2016 linadai mwanafunzi wa DrPH aonyeshe stadi 20 za msingi. Ziko katika makundi manne: takwimu na uchambuzi; uongozi, menejimenti na utawala; sera na programu; elimu na kuendeleza watumishi. Zaidi ya hayo ni lazima afanye kazi ya vitendo ndani ya taasisi halisi, na kazi yake ya mwisho itoe kitu kinachotumika huko. Harvard walipoanza DrPH yao mpya mwaka 2014 waliijenga kwa mtindo huo, mwaka wa mwisho ukawa wa mradi ndani ya taasisi.

London School of Hygiene and Tropical Medicine wana sura nyingine kidogo. Huko unasoma masomo ya ushahidi na sera, na ya uongozi na menejimenti. Kisha unaingia ndani ya taasisi fulani kuchunguza inavyofanya maamuzi. Halafu bado kuna tasnifu ya utafiti, fupi kuliko ya PhD. Kwa hiyo anayedhani DrPH ni njia ya kukwepa utafiti atakutana nao mlangoni. Tofauti ni kwamba utafiti wake hufungwa kamba na uamuzi fulani.

Hiyo ya kuchunguza taasisi kutoka ndani ndiyo sehemu ninayowaonea wivu. Mtu wa timu ya uendeshaji ya halmashauri anaishi ndani ya taasisi ngumu sana: mkurugenzi, TAMISEMI, Wizara ya Afya, madiwani, wafadhili, kamati za vituo, kila mmoja na ratiba yake na fomu yake. Tunajifunza kuogelea humo kwa kuzama. Kukalishwa chini na kufundishwa jinsi maamuzi yanavyozaliwa na yanavyokufa, kwa nini kikao kilikubaliana na kisha hakuna kilichofanyika, ni elimu ambayo sijaiona kwenye semina yoyote ya siku tatu.

Muda, familia na umeme

PhD kwa kawaida huchukua miaka mitatu hadi mitano, na mara nyingi inavuka hapo kwa sababu ya msimamizi kuchelewa kusoma au fedha ya nyanjani kukwama. Uzuri wake ni kwamba ukishapata andiko, unaweza kukusanya takwimu hapahapa nyumbani. Ukisoma Muhimbili, ambako PhD na MPH zote zipo, safari ni basi la Dar es Salaam. Wengine wamepitia Ifakara wakisajiliwa Basel, Uswisi, nusu huku nusu kule.

DrPH nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliye kazini. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, na kile cha Illinois, Chicago, vimekuwa vikifundisha DrPH ya uongozi kwa masafa, mtu akibaki kwenye kiti chake na kusafiri mara chache. Ukiisoma kwenye karatasi, hiyo ni ahueni. Sasa piga hesabu ya saa. Kipindi cha saa 12 jioni North Carolina, kwetu ni saa 7 au saa 8 usiku, kutegemea majira yao. Mara moja kwa wiki unavumilia. Ukiwa na mtoto mchanga, au zamu za usimamizi zinazokutoa Mtwara alfajiri kwenda Nanyumbu, baada ya miezi sita mwili unadai chake. Tofauti ya London ni saa mbili au tatu tu, jambo ambalo watu hawalipi uzito hadi wameshalipa ada. Jiulize pia umeme na mtandao wa pale unapoishi. Anayekaa Liwale ajipange tofauti na anayekaa Mtwara mjini, hasa masika.

Jambo la haki kulisema: mwenye ndoa azungumze na mwenzake kabla ya kujaza fomu. Kusoma ukiwa kazini maana yake jioni za nyumba nzima zimebadilika, si zako peke yako.

Fedha

Hapa PhD inashinda wazi. Ufadhili mwingi duniani umeandikwa kwa jina la PhD: ufadhili wa Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, una nafasi za PhD Uingereza, DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, linafadhili PhD hata ndani ya Afrika, CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, umewasaidia watafiti wa vyuo na taasisi za Afrika wanaosoma PhD. DrPH, kwa kuwa inawalenga watu walio kazini, mara nyingi inategemea mwajiri alipe au ujilipie, na ada za nje ni mzigo kwa mshahara wa halmashauri. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ambao wengi huniuliza, ni ya shahada ya uzamili tu, hivyo usipoteze usiku kuiandikia.

Kama DrPH ndiyo moyo wako, anza na mradi unaofanya nao kazi sasa. Mfadhili anayetaka programu yake isimame baada ya yeye kuondoka ana sababu ya kukusikiliza, mradi kazi yako ya mwisho iwe ya programu hiyo. Na hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri na ruhusa ipo kwa maandishi. Maneno ya mkurugenzi huhama naye siku anapohamishwa.

Kutambuliwa

Shahada yoyote ya nje itapita Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa ajili ya kutambuliwa. Usisubiri umalize, waulize kabla ya kulipa, ukiwa na jina kamili la chuo, la shahada, na maelezo ya namna inavyofundishwa, hasa ikiwa ni kwa masafa. Kwa anayetaka kuwa mhadhiri, PhD ni barabara ya lami. DrPH nayo ni shahada ya ngazi ya udaktari, ila kamati ya ajira ya chuo huenda ikataka kuona umechapisha nini, na utajikuta unaeleza kila mara. Kwa anayetaka nafasi mkoani, wizarani au kwenye mashirika, wanaokuhoji watauliza umeendesha nini. Hapo DrPH inakupa hadithi ya kusimulia.

Mitaani zote ni sawa. Utaitwa dokta, na siku moja Tandahimba mama atakuletea mtoto mwenye degedege. Kama wewe ni afisa afya au katibu wa afya, jua kituo kilicho karibu kiko wapi na umpeleke mwenyewe.

Njia ya tatu ambayo wengi wanairuka

Julai 2022 kule Ruangwa, eneo la Mbekenyera, walitokea wagonjwa wa homa wakitokwa damu puani, wakichoka mwili. Hofu ilisambaa kuliko taarifa. Sampuli zikapimwa, zikakanusha Ebola na Marburg, na tarehe 18 mwezi ule Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza kuwa ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Waliokuwa wametambuliwa walikuwa 20, watatu wamefariki.

Wiki kama zile zinahitaji mtu anayejua kuweka vigezo vya nani ahesabiwe kuwa mgonjwa, kufuatilia waliogusana naye, kuchukua sampuli sahihi, kuchora mkondo wa mlipuko na kuzungumza na wanakijiji bila kuwatisha. Ujuzi huo unafundishwa na FELTP, mafunzo ya epidemiolojia (uchunguzi wa namna magonjwa yanavyoenea) na maabara nyanjani, yaliyoanza nchini mwaka 2008 kwa ushirikiano na Muhimbili. Ngazi ya juu ni miaka miwili na unapata shahada ya uzamili. Ngazi ya awali ni miezi mitatu ukiwa kituoni kwako. Wako wanaotafuta udaktari wakati pengo lao halisi ni hili. Ukiwa chini ya miaka mitano kazini na hujawahi kuongoza uchunguzi wa mlipuko hata mmoja, ushauri wangu ni uanzie huku. Utakapoomba DrPH baadaye utakuwa na kitu cha kuijazia.

Ningemchagulia nani nini

Mwalimu wa chuo cha afya Mtwara au Masasi anayetaka kupanda hadi chuo kikuu: PhD, bila kusitasita. Mtu wa maabara mwenye swali moja linalomsumbua miaka: PhD. Mganga mkuu wa halmashauri, katibu wa afya, mratibu wa programu mwenye watu chini yake na bajeti ya kutetea: DrPH, kama fedha inapatikana. Ikikosekana, PhD ya mifumo ya afya yenye swali la utekelezaji ni mbadala mzuri, ila tafuta mwenyewe mafunzo ya uongozi ya kuweka kando yake, maana mimi sikuyatafuta na nimeshawaeleza kilichonipata.

Anayetaka udaktari kwa ajili ya kupandishwa cheo tu, nina wasiwasi naye katika njia zote mbili. Miaka minne ni mirefu mno.

Dada yule alinipigia mwezi uliofuata. Alikuwa ameviandikia vyuo vyote viwili swali moja: je, naweza kuufanya mpango kabambe wa afya wa halmashauri yangu kuwa kazi yangu ya mwisho? Chuo cha PhD kilimjibu kwa upole kuwa unaweza kuwa eneo la utafiti, lakini lazima ueleze ni maarifa gani mapya yatakayotoka. Chuo cha DrPH kilimjibu kwa swali: mkurugenzi wako yuko tayari kuandika barua kwamba atayatumia utakayopendekeza?

"Umewajibuje?" nikamwuliza.

"Bado, kaka. Niko nje ya ofisi yake hapa, nasubiri aniite."